Hulda Hashuki kwa Lami

Njia ya mitini ni ya kila mtu, na ugomvi wote ulianzia hapo. Inatoka kijiji cha Lyamadofu, upande wa Kichiwa, inakata katikati ya shamba la paini, inateremka bondeni, inavuka kijito kwa daraja la magogo na kutokea nyuma ya nyumba za mwanzo za Makambako. Kilomita tisa. Watoto wa shule hupita humo, na kina mama wanaokwenda zahanati, na ng'ombe wanaopelekwa kunywa maji, na waumini siku ya Bwana, wamevaa viatu vya shambani na vya kanisani wamevishika mkononi. Hupita pia baiskeli: za viazi, za mbao, za mkaa, na moja ya maziwa.

Hiyo ya maziwa ni ya Hulda Nyagawa, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mwenye mabega mapana na sweta la kijani ambalo halivui hata mwezi wa Desemba. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akikusanya maziwa ya kaya kumi na moja na kuyafikisha kwenye kituo cha Makambako kabla ya saa tatu asubuhi, maana baada ya saa tatu kituo hakipokei. Alipoanza, watu walisema mwanamke aliyeolewa hapandi baiskeli. Mumewe, Methodi, fundi mwashi kutoka Mlangali, ambaye juma zima huwa kwenye ujenzi Njombe mjini, aliulizwa nje ya kanisa kama ameshindwa kumlisha mkewe. Alijibu kwamba mkewe ndiye anayemlisha yeye, kisha akaomba wampishe apite.

Njia nyingine ipo. Ni barabara ya lami itokayo Njombe, na kwa kuzunguka huko safari inakuwa kilomita kumi na sita. Hulda aliijaribu mwaka ule daraja la magogo liliposombwa na maji. Siku ya tatu, lori la makaa ya mawe likitokea kusini lilimpita karibu mno kiasi kwamba hakumbuki kuliona. Anakumbuka upepo wake, kisha mtaro, kisha maziwa yakitambaa juu ya tope jekundu. Dereva hakusimama, na pengine hakujua. Tangu siku hiyo Hulda alisema hatashuka tena kwa lami, na wanaomfahamu wanajua kwamba akishasema jambo, si la kurudiwa kuulizwa.

Wabebaji wa njia ya mitini wana imani zao kuhusu breki, na ya kwanza ni kwamba breki ya mbele inaua. Mtu akinunua baiskeli, hata ikiwa mpya bado imeviringishiwa makaratasi, huisukuma moja kwa moja hadi kwa fundi ili breki hiyo ing'olewe. Ukibana ya mbele, wanasema, baiskeli inakupindua, unakula udongo. Kisha masika huja, tope hujaa kati ya raba za breki na ringi, na ya nyuma nayo hung'olewa. Inabaki breki ya mguu. Mtu huvaa ndala iliyokatwa kwenye tairi la gari, na akifika mteremkoni huubana wayo kwenye gurudumu la nyuma mpaka moshi wa mpira unuke. Vijana hujivunia. Ndala iliyolika kisigino ni cheti cha mtu mzoefu.

Hulda naye aliamini hivyo hadi mwaka wake wa pili wa kubeba. Alikuwa na breki ya nyuma peke yake. Asubuhi moja ya mvua, kwenye mteremko mkali kuliko yote, aliibana kwa nguvu zake zote na gurudumu likakwama, ila baiskeli haikuacha kwenda. Iliteleza na gurudumu lake lililokwama hadi kwenye kisiki. Alivunjika mtulinga na kupoteza meno mawili ya juu. Alipopona aliisukuma baiskeli hadi kwa Lameki, fundi wa karibu na stendi ya Makambako, ambaye ndiye aliyeing'oa breki ya mbele, na Hulda akamgombeza mbele za wateja.

Lameki ni mtu mpole. Alimwacha amalize, ndipo akamuuliza mteremkoni mzigo unakimbilia wapi. Hulda akasema mbele.

"Sasa wewe unalikamata gurudumu lililo jepesi," Lameki akamwambia, "na lililobeba unaliacha liende."

"Watu wanapinduka."

"Anayepinduka ni yule anayebana ghafla, ameinama kama anachungulia kisima. Wewe una kilo arobaini nyuma ya makalio, mama. Hizo zitakushikilia."

Akavuta kopo la rangi lililojaa breki za mbele alizong'oa za watu mbalimbali, akachagua moja, akamfungia. Hulda alikaa mwezi mzima akijifunza kila Jumamosi kwenye uwanja wa shule, keni zikiwa zimejazwa maji badala ya maziwa. Alijifunza kukaa nyuma kwenye tandiko na kunyoosha viwiko. Alijifunza kugusa ya nyuma kwanza, kisha kuifinya ya mbele taratibu, kama mtu anayekamua chuchu ya ng'ombe mwenye kidonda, na kulegeza mara tu gurudumu linapoanza kukwama. Aligundua mwenyewe kwamba ringi likilowa breki huchelewa kushika, kwa hiyo kwenye mvua huzigusa mapema, ringi lijifute maji kabla hajazihitaji. Akaacha kufunga breki ndani ya kona, akawa anamaliza kazi hiyo kabla kona haijaanza. Na akikuta watu mbele hupunguza hadi mwendo wa mguu, hata kama njia ni pana, kwa sababu mtu aliyeshtuka huwezi kujua atarukia upande gani.

Hakumfundisha mtu. Hakuna aliyemwomba.

Mwezi wa Machi mwaka huu, siku ya nne ya mvua mfululizo, Yusto Mligo, kijana wa miaka ishirini na sita anayebeba viazi, alikuwa akiteremka mteremko uleule na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake. Mbele yake, baada ya kona, Bibi Emilia alikuwa akipanda taratibu kutoka zahanati. Yusto alikanyaga tairi, ndala ikateleza. Akafanya kile ambacho wote hufanya breki inapokataa: akapiga kelele. Bibi Emilia aliisikia sauti, akakimbilia upande ambao baiskeli ilikuwa inakuja. Alivunjika mfupa wa paja.

Mkutano wa kijiji uliitishwa juma lile. Mwenyekiti, Ezekieli Mwalongo, mkulima wa chai anayeheshimiwa na asiyependa maneno mengi, alipendekeza kwamba njia ya mitini ifungwe kwa baiskeli zote kuanzia Jumatatu ya juma la pili. Anayetaka kwenda Makambako na mzigo ashuke kwa lami. Yusto alisimama akaomba radhi, na aliomba kwa machozi. Ila alipoulizwa kwa nini hakusimama, alisema pale hata breki za lori zisingeshika. Ni kilima. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana jibu hilo lilimfaa kila mmoja. Yusto hakuwa na kosa, wasio na breki hawakuwa na kosa, kosa lilikuwa la kilima, na kilima kingefungwa.

Hulda alinyanyuka kutoka kwenye benchi la wanawake.

"Kilima kile nimekiteremka mara zaidi ya elfu tano," alisema. "Hakijawahi kumgonga mtu."

Watu wakacheka, na Yusto, ambaye machozi yalikuwa yamemkauka, akapata nafasi ya kuinua kichwa.

"Mama Maziwa, wewe huendeshi, unatembea umekaa. Konokono akikuona anakupisha kwa huruma."

"Ungekuwa konokono, mwanangu, Bibi Emilia angekuwa anatembea."

Hapo kicheko kiliisha. Hulda aliendelea kusimama. Alimwambia mwenyekiti kwamba lami ataipita akiwa maiti, wakimpeleka hospitali kuthibitisha. Kisha akaomba apimwe mbele ya watu, mahali palepale, akiwa na mzigo wake wa kila siku. Akishindwa, wafunge. Mwenyekiti hakutaka, lakini waliokuwa wamekaa nyuma walitaka sana, na siku ikapangwa kuwa Jumamosi.

Kabla ya Jumamosi Hulda alikwenda kumjulia hali Bibi Emilia na lita moja ya maziwa. Alimkuta kitandani, mguu umefungwa plasta hadi kiunoni, mwenye hasira. Hulda alijaribu kumweleza habari za raba na ringi. Bibi alimkatiza.

"Mimi nataka njia ninayoweza kupita bila kusikia mtu ananijia anapiga kelele," alisema. "Ukiniletea hiyo, baiskeli zipite. Usiponiletea, zife zote, na yako ikiwamo."

Jumamosi kulikuwa na ukungu, na udongo ulikuwa umelowa. Mwenyekiti alipendekeza wasubiri jua. Hulda alikataa, akasema kwenye ukavu hata mtoto anasimama. Mmoja akapendekeza asimame mtu njiani ili ionekane kweli, akajitolea mwenyewe. Hilo nalo Hulda alilikataa, kwa ukali zaidi, akasema hachezei kamari miguu ya mtu. Mzigo wa kuni ukawekwa katikati ya njia. Ambrose, mgambo wa kijiji, alisimama hatua kumi juu yake, kando ya mpaini, ashushe mkono Hulda atakapofika usawa wake.

Alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, wa mtu anayewahi kanisani, breki zote mbili zikigusa tangu juu. Mkono wa Ambrose uliposhuka alirudi nyuma kwenye tandiko, viwiko vikanyooka, na baiskeli ikasimama. Waliopima walipata hatua tatu. Hakukuwa na mlio wala mtelezo. Wengine walisema hawakuona alichofanya, wakaomba arudie.

Yusto akasema huo si mwendo wa mtu mwenye kazi. Hulda akamwambia ataje anaoutaka. Akapanda tena hadi juu kabisa, akaachia. Safari hii waliokuwa kando walirudi nyuma kabla hajawafikia. Mkono ukashuka, gurudumu la nyuma likaanza kukwama, akalegeza, akafinya ya mbele, akalegeza, akafinya, raba zikipiga kelele kwenye ringi, na tairi la mbele likasimama likiwa limegusa kuni.

Watu walipiga makofi. Hulda alishuka, akasema makofi ya nini. Angekuwa mtu pale, angemgusa. Kwa mwendo ule hata yeye hana uwezo, na ndiyo maana haendi mwendo ule.

Kisha mwenyekiti akamwita Yusto. Ni haki kusema kwamba Yusto hakukimbia. Alilikaza gunia lake kwenye baiskeli, akavaa ndala zake, akaenda juu. Mwenyekiti, ambaye mara zote mbili za Hulda alikuwa amesimama ukingoni mwa njia na mikono nyuma, alihamia nyuma ya mpaini. Kuni zilitawanyika. Yusto alisimama hatua ishirini na moja baada ya mkono kushuka, ndani ya magugu, baiskeli juu yake. Alitoka mwenyewe, akaanza kuziokota kuni moja moja na kuzifunga upya. Waliokuwa wanacheka wakaenda kumsaidia.

Mwenyekiti alitoa uamuzi palepale. Alisema kijiji kimeona kwa macho. Kwa sababu hiyo Hulda Nyagawa, yeye peke yake, ataruhusiwa kupita njia ya mitini. Wengine wote, lami. Watu walipiga makofi kwa mara ya pili, na kina mama wawili walikuwa tayari wameanza kumshika mkono.

"Sikuja kuomba ruhusa yangu, mwenyekiti," Hulda alisema.

Mwenyekiti akamuuliza kwa hiyo anataka nini.

"Mwenye breki mbili zinazoshika, anayepita watu kwa mwendo wa mguu, apite. Asiye nazo ashuke, asukume. Na mimi nikiwamo. Ukinipa mimi peke yangu umewaambia watu nina uchawi, na mimi nina raba tu, za dukani."

Mwenyekiti alisema uamuzi wa kijiji haujadiliwi porini. Jumatatu gogo la kufunga njia litawekwa.

"Basi Jumatatu nitakuwa kwenye gogo," Hulda alisema, akapanda baiskeli.

Jumapili baada ya ibada aliwasimamisha wenye maziwa wake wote, akawaeleza wazi. Kesho hatapita kwa ruhusa ya peke yake, na kwa lami hatapita. Huenda maziwa yasifike. Anayetaka kuyapeleka kwa njia nyingine ayapeleke, hatanuna. Wanne walisema watatafuta pikipiki. Saba walisema watamletea. Mmoja wa hao saba alikuwa Rebeka, mke wa mwenyekiti, mwenye ng'ombe wawili wanaotoa maziwa mengi kuliko wote Lyamadofu. Hakuhitaji maelezo. Alisema amesikia, na keni yake itakuwa tayari.

Jumatatu alfajiri Ambrose alikuwa pale, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, gogo limelala juu ya nguzo mbili. Alipomwona Hulda aliliinua upande mmoja.

"Shangazi, wewe pita."

Hulda aliegesha baiskeli kwa mti, akamwomba ashushe gogo asije akaumia mgongo, kisha akalikalia. Ilipofika saa moja na nusu wabebaji tisa walikuwa wamejipanga nyuma yake, wengine kwa hasira, wengine kwa kutaka tu kuona mwisho. Ambrose aliwasihi wageukie lami. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka mbele ya mwanamke aliyekaa. Wapita kwa miguu waliruka gogo, wakimsalimia Hulda, kamwene, naye akiitikia kila mmoja kana kwamba yuko kibarazani kwake. Saa mbili ilipita. Hiyo ndiyo saa ambayo kwa kawaida angekuwa anavuka daraja. Alizitazama keni, akautazama mteremko, na Ambrose anasema aliuma mdomo. Kupita kulikuwa rahisi. Gogo lingeinuka kwa neno moja.

Saa tatu alisimama, akageuza baiskeli, akarudi kijijini. Aliyarudisha maziwa nyumba kwa nyumba, kila mtu kipimo chake. Ya mwisho ilikuwa nyumba ya mwenyekiti, na aliyefungua mlango alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

"Maziwa yako, baba. Hayakushuka."

Rebeka alikuja kutoka jikoni, akayapokea, akayaweka mezani mbele ya mumewe, palepale alipokuwa anakula. Waliyozungumza baadaye ni ya nyumba yao. Linalojulikana ni kwamba Jumanne Hulda alikaa tena kwenye gogo, na maziwa yakarudi tena, na safari hii Rebeka hakuyaondoa mezani. Jumatano halmashauri ya kijiji ilikaa.

Siku hiyohiyo ya Jumatano wabebaji sita walizisukuma baiskeli zao hadi kwa Lameki. Kopo lake la breki likaisha. Wawili kati yao walinunua breki ambazo wao wenyewe walimwachia bure miaka ya nyuma, na Lameki, mpole vilevile, hakuwakumbusha. Yusto alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Karatasi iliyogongwa kwenye nguzo ya gogo siku ya Alhamisi ilikuwa fupi. Breki mbili, zipimwe hapo na mgambo. Mwendo wa mguu penye watu. Kushuka penye mifugo, na penye watoto wa shule. Kengele, na si kelele; hilo lilitoka kwa Bibi Emilia, aliyelituma kwa mdomo kutoka kitandani na kutaka lisomwe la kwanza. Asiye na breki asukume.

Hulda alikuwa wa kwanza kufika. Ambrose alikwisha kuliinua gogo alipomwona kwenye ukungu.

"Pita, shangazi. Wewe tunakujua."

"Pima."

"Nipime nini kwako?"

"Unachowapima wengine."

Ambrose akaisukuma baiskeli, akabana ya nyuma. Ikasimama. Akaisukuma tena, akabana ya mbele. Gurudumu lilijizungusha kidogo, ndipo likasimama. Akaangalia chini. Raba ya upande mmoja ilikuwa imeliwa karibu na chuma; mteremko wa Jumamosi, ule wa mwendo alioutaka Yusto, ulikuwa umeimaliza. Hulda alijua imekuwa nyembamba na alikuwa amepanga kununua nyingine mchana huo Makambako. Hakujua imefika pale. Nyuma yao wengine walikuwa wameanza kusogea, na Ambrose akashusha sauti.

"Inashika, shangazi."

"Inashika lini?"

"Baadaye kidogo."

"Basi haishiki."

Akaivuta baiskeli kando, akalegeza kamba za keni na kuzikaza upya kwa safari ya miguu. Mmoja wa wabebaji alimwambia apande tu, nani atasema. Hulda alishika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, akauanza mteremko akiukinga mzigo kwa mwili, mabuti yakizama topeni hadi kwenye kifundo.

Alikuwa nusu ya kilima aliposikia kengele nyuma yake, mara mbili, bila haraka. Yusto alimpita na gunia lake, amekaa wima, uso umemkakamaa, breki zote mbili zikilalamika, mwendo wake haumzidi mwanafunzi asiyetaka kufika shuleni.

"Kamwene, Mama Maziwa. Leo konokono ni nani?"

"Viwiko, Yusto," Hulda alisema. "Nyoosha viwiko."

Yusto akanyoosha. Hulda akaendelea kusukuma. Zilibaki kilomita saba, na saa moja na dakika hamsini kabla kituo hakijaacha kupokea, na lami alikuwa anaisikia kwa mbali upande wa kulia, malori yakibadili gia.